Mangapi Majini?

Kaa, mjukuu wangu. Si hapo, hapo kuna jua. Sogea huku kwenye kivuli cha mkorosho.

Machozi yako ya jana niliyaona, ingawa ulijisingizia vitunguu. Fomu ya mkopo wa chuo imepotea, kompyuta imeganda, na muda wa maombi unakwisha keshokutwa. Nilipokuja kusimama nyuma yako nikautazama ule mstari wa juu wa kivinjari. Vichupo vilikuwa vimebanana kama dagaa kwenye ungo, hata majina yao hayasomeki. Nilihesabu mpaka arobaini na kimoja, macho yakachoka, nikaacha.

Sikusema kitu. Mtu anayelia hafundishiki. Leo umelala, umeamka, umekunywa uji wako, basi nisikilize. Haya nimekwambia mara tatu tangu ulipotoka kidato cha sita. Hii ni ya nne, na Mungu akinijalia uzima nitakwambia ya tano.

Baba yangu alikuwa mtega dema kule Msimbati, kabla hata haijatangazwa hiyo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000. Dema unalijua: tego la kusukwa, mlango wake mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, samaki huingia kwa raha na kutoka hakumjii. Baba alikuwa nayo kumi na manne. Jirani yetu alikuwa nayo thelathini na kitu, na kila akitupita alikuwa anacheka.

Jioni baba akishauvuta mtumbwi mchangani, kabla hata hajanawa, alituuliza sisi watoto swali moja: "Mangapi majini?" Ilikuwa lazima tutaje idadi, kisha tutaje kila moja liko wapi. Mawili nyuma ya mwamba, matatu ukingoni mwa mkondo, moja kwenye nyasi. Aliyekosea alikula ugali mkavu. Yule jirani hakuwa na mtu wa kumuuliza, na mengi yake aliyasahau huko huko. Sasa dema likisahauliwa, mjukuu wangu, haliachi kutega. Samaki anaingia, anakosa njia, anafia humo. Mwingine anafuata mzoga, naye ananasa. Linavua usiku na mchana, ila hakuna mtu linayemvulia.

Kichupo ulichokisahau ndicho dema lile. Wewe umeshakiacha, chenyewe bado kinakula kumbukumbu ya kompyuta, kinakula chaji, na kama ni ule ukurasa wa habari unaojipakia upya wenyewe na kuchezesha matangazo ya video, kinakula na bando ulilonunua kwa hela ya bibi yako. Kompyuta yako ina kumbukumbu ya GB 4. Umeibebesha mzigo wa lori kwenye baiskeli, halafu unailaumu kwa kuanguka.

Usinielewe kwamba navichukia vichupo. Nilivipenda kabla mama yako hajaolewa.

Unajua nilikuwa karani wa chama cha msingi. Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi, mkulima anakuja kuuliza malipo yake. Jina lake liko ukurasa huu wa leja, kilo zake ukurasa ule, makato ya salfa kule mwisho. Gumba nililiweka huku, kidole cha shahada pale, cha kati pengine, nikawa nageuza na kurudi bila kupoteza mahali. Karani mzuri alijulikana kwa vidole. Aliweza kushika kurasa nne, hodari kabisa tano. Katika miaka yangu yote ya kazi sijamwona karani mwenye vidole arobaini na kimoja.

Mwaka 2005 nilianza kwenda kwenye duka la intaneti pale mjini, unalipia nusu saa nusu saa. Kwenye kompyuta nyingi, kila ukurasa ulifungua dirisha lake, na madirisha yakifikia sita hujui lipi liko nyuma ya lipi. Wazo la kuziweka kurasa zote ndani ya dirisha moja lilikuwepo tangu 1994, kwenye kivinjari kilichoitwa InternetWorks, lakini watu wa huku walikuwa hawajalisikia. Kijana wa duka alikuwa ameweka Firefox, iliyotoka rasmi Novemba 2004. Internet Explorer, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye kompyuta za mjini, ilikuja kuleta vichupo mwaka 2006. Yule kijana akanionyesha: shika Ctrl, bonyeza kiungo. Au kibonyeze kwa gurudumu la kipanya. Ukurasa mpya unafunguka nyuma, kwenye kichupo chake, nawe unaendelea kusoma huu ulionao.

Nilitazama vidole vyangu, nikacheka peke yangu mle dukani.

Hujui neema ile ilikuwaje. Ilikuwa kabla mkongo wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, haujafika Dar es Salaam mwaka 2009. Tulikuwa tunategemea setilaiti, na ukurasa mmoja ulichukua muda wa kubangua korosho kumi. Nikajifunza kufungua vinne kwa mpigo. Nasoma cha kwanza, vitatu vinajipakia huko nyuma. Nikimaliza napiga Ctrl na Tab, cha pili kimeshaiva. Nusu saa yangu ikawa na baraka. Kichupo kilikuwa cha kuniokolea muda, nami nikishakisoma nakifunga kwa Ctrl na W, kama karani anavyotoa kidole akishasoma kilo.

Hata juzi juzi vimenifaa. Unaikumbuka Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari, intaneti ikazorota nchi nzima? Mimi nilikuwa nimeshafungua kurasa tatu za dawa ya mgongo wa bibi yako. Nikazisoma taratibu bila mtandao wowote, maana ukurasa ukishajipakia maneno yake yako mkononi mwako. Mjomba wako akaja kwa haraka zake, akabonyeza kupakia upya ukurasa mmoja "ili uwe mpya". Ukapotea. Ukiwa na ukurasa na huna mtandao, usiuguse.

Kwa hiyo sikwambii ufungue kimoja. Wala sikupigi na ile methali ya mshika mbili, kwa sababu hapa haifiki. Mshika mbili moja humponyoka. Wewe hukuponyokwa na kitu. Vyote umevishika, na kwa kuvishika vyote hukuwa na mkono wa kuandikia fomu.

Sasa fomu yenyewe. Ilipotea kwa sababu uliiacha ukaenda kutembea. Ulikwenda kuangalia ada ya chuo, ukaenda kuangalia hosteli, kutoka hosteli ukaenda kwenye nywele, na usikatae, nilikiona kichupo cha nywele. Muda huo mambo mawili yanaweza kutokea, na yote yanakuumiza. Tovuti za namna hiyo zina saa yake. Zikiona hujagusa kitu kwa muda zinakutoa nje, kwa usalama wako. Na vivinjari vya siku hizi hulaza vichupo visivyoguswa ili kuokoa kumbukumbu. Ukirudi, ukurasa unajipakia upya, na ulichoandika bila kukihifadhi hukikuti. Ukifunga kichupo kwa bahati mbaya, Ctrl na Shift na T hukirudisha. Hukirudisha chenyewe, maneno yako hakuna anayekudhaminia. Fomu ikae kwenye dirisha lake peke yake. Maelezo marefu yaandike kwanza daftarini. Kila sehemu ukiimaliza, hifadhi.

La pili linaniuma kulisema, maana kosa ni langu. Baada ya kustaafu, mwaka fulani, vijana wawili wa mtaani waliniomba niwasaidie kuomba kazi kwenye tovuti moja. Nikajiona fundi. Nikafungua vichupo viwili, huyu huku na yule kule, nawajazia kwa zamu. Sikujua kwamba vichupo viwili vya tovuti moja, ndani ya kivinjari kimoja, hula sahani moja. Tovuti haimtambui mtu kwa kichupo. Inamtambua kwa alama inayoiweka ndani ya kivinjari, na alama hiyo vichupo vyote huichangia. Nilipoingia kwenye akaunti ya wa pili, alama ya wa kwanza ikafutika kimya kimya. Kwenye kile kichupo cha kwanza jina lilikuwa bado la yule wa kwanza, kwa kuwa ukurasa haukujipakia upya. Nikapakia cheti chake, nikabonyeza kuhifadhi, kikaenda kwa mwenzake.

Tuligundua baada ya siku nne. Mmoja tulimrekebishia. Mwingine muda ulikuwa umekwisha. Mama yake tunapishana sokoni mpaka leo. Ananiamkia, hajaninyima salamu, ila imekuwa fupi.

Kwa hiyo ukimsaidia rafiki yako kwenye tovuti hiyo hiyo, maliza yako, toka kwenye akaunti, ndipo yeye aingie. Kama lazima iwe kwa pamoja, yeye atumie kivinjari kingine, au dirisha fiche, ambalo halishiriki alama na madirisha ya kawaida. Ila madirisha fiche mawili ya kivinjari kimoja nayo hushirikiana, usije ukanaswa kwenye mlango wa pili.

Na kwenye steshenari, kwenye kompyuta ya watu, kufunga kichupo si kutoka. Umerudisha mlango tu, ufunguo umeuacha umening'inia. Anayekuja baada yako anaweza kufungua tovuti ile ile akakuta jina lako linamsubiri. Tafuta neno "Toka" ulibonyeze, ndipo ufunge.

Hata kichupo ulichokiacha wazi kinaweza kukuhadaa. Mwaka 2010 Aza Raskin, aliyekuwa akiitengeneza hiyo Firefox, alionyesha hila moja: ukurasa wa kitapeli uliouacha nyuma unangoja uondoke, kisha unajibadili sura, unajivika nembo ya barua pepe yako na kukuomba neno la siri. Unaporudi katikati ya vichupo arobaini, unadhani ni wewe uliyeufungua. Baba yangu hakuingiza mtumbwi mdomo wa Ruvuma kwa kukumbuka njia ya jana, maana mchanga kule huhama usiku. Ukirudi kwenye kichupo cha zamani na kinakuomba neno la siri, kifunge. Andika anwani upya mwenyewe.

Nimechoka, mke wangu, lakini bado moja, na ndilo lililonifanya nikuite hapa. Nimekutazama wiki nzima. Kufungua unakujua kuliko mimi. Unachoogopa ni kufunga. Unadhani ukikifunga kitakuwa kimekufa, na pengine ndani yake mlikuwa na bahati yako. Mjomba wako ana ugonjwa huo kwenye simu. Kile kisanduku cha Chrome kinachohesabu vichupo kilifika 99, kikaacha kuhesabu, kikaweka alama ya uso unaocheka. Akaja kuniuliza maana yake nini. Nikamwambia, simu imekata tamaa, sasa inakucheka.

Ukurasa ukiufunga haufi. Uko kwenye historia ya kivinjari, utaukuta. Kama ni wa maana sana piga Ctrl na D, uweke alamisho, uupe jina utakalolikumbuka. Kichupo kilicho wazi ni ahadi kwamba unarudi leo. Angalia ahadi ulizonazo pale juu: tatu za mkopo, mbili za vyuo, nyingine ni za mtu uliyekuwa wiki iliyopita. Baba yangu kumi na manne aliyaweza kwa sababu kila siku alipiga kasia mpaka kwenye kila moja, akalivuta, akatia chambo upya. Angeongeza la kumi na tano, angeongeza na safari. Lililomshinda kufikiwa alilileta nyumbani likakauka juani. Hatukuwahi kumsikia akilililia.

Basi leta hiyo kompyuta. Anzia kushoto. Nisomee jina la kila kichupo kwa sauti, uniambie unarudi humo kufanya nini. Ukijibu, kibaki. Ukisita, funga. Usinitazame mimi, tazama kioo. Cha nywele tukiweke alamisho, sina ubaya nacho, nywele zitakuwepo hata baada ya tarehe ya mwisho. Cha fomu kitoe, kiwe na dirisha lake.

Mimi najinyoosha kidogo humu ndani, mgongo hautaki tena. Wewe jaza, hifadhi, jaza, hifadhi. Alasiri nikitoka msikitini nitapita hapa kwenye kivuli, na sitakuuliza umefika ukurasa wa ngapi. Nitakuuliza kama tulivyokuwa tunaulizwa mchangani, nawe unijibu kwa idadi.

Mangapi majini?