Je, Mwili Unaotetemeka Umeadhibiwa?



Tuseme yuko mzee mvuvi katika mwambao wa Igombe, Ilemela. Mkono wake wa kuume hutetemeka ukiwa umetulia pajani, na hupoa kidogo aunyoshapo kushika kikombe. Hatua zake zimefupika, sauti imefifia, na uso hauonyeshi furaha hata akifurahi. Majirani wasema amerogwa, au amepandwa na jini. Wengine wanong'ona kwamba analipwa dhambi za ujana wake. Naye kwa haya ameacha kuja msikitini. Je, mtu huyu amehukumiwa na Mungu?

Tuanze na mwili, maana ni dhuluma kumsingizia jirani kabla ya kuuliza mwili una nini. Mwaka 1817 daktari Mwingereza, James Parkinson, aliandika juu ya maradhi haya, nayo yakaitwa kwa jina lake. Ndani ya ubongo zimo chembe zitengenezazo kitu kiitwacho dopamini, nacho ndicho kisaidiacho mwendo uende sawasawa. Chembe hizo zikifa kwa wingi, mwendo huwa mzito na viungo hukakamaa. Hapana jini hapo. Wala sisi Waahmadiyya hatuamini kwamba majini huwaingia watu na kuwatikisa. Huko Hai, Kilimanjaro, wachunguzi walipita nyumba kwa nyumba wakapata wagonjwa 33, kama ilivyochapwa mwaka 2008, na wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa na tabibu ni ugonjwa gani. Waliitwaje basi miaka yote hiyo? Nasi wa Kanda ya Ziwa twajua neno "mchawi" hufika wapi: vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa ajili ya macho mekundu yaliyoletwa na moshi wa mekoni!

Labda utasema: "Uchawi nimeuacha, lakini Mungu haadhibu kwa maradhi?" Swali lako ni la haki. Nabii Ayubu a.s. alipatwa na taabu kubwa, na Kurani Tukufu yamtaja kuwa mtumishi mwema. Tena mwanamke mwenye kifafa alimjia Mtume Mtukufu s.a.w. kuomba dua. Hakuulizwa ametenda dhambi gani. Alipewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, akaomba tu mwili wake usifunuke aangukapo, naye akaombewa hilo.

Lakini usidhani subira ni kukataa dawa; Mtume huyo huyo aliwaambia watu wajitibu. Iko dawa iitwayo levodopa. Haiponyi kabisa, ila yaweza kumrudishia mtu mwendo kwa miaka kadhaa. Humezwa kama nusu saa kabla ya chakula, kwani samaki na nyama huweza kuizuia isiingie vema mwilini (jambo la kukumbukwa na walao sato kila siku), wala haikatizwi ghafula. Ajabu ni kwamba mbegu za upupu, mmea tunaoukimbia kwa kuwasha, zina levodopa hiyo hiyo; lakini chungu cha nyumbani hakina kipimo, basi usijaribu. Nenda hospitali, kama Bugando, ukapimwe, maana ziko dawa nyingine zinazoleta mtetemeko, nao huweza kukoma zikibadilishwa.

Na sala? Mgonjwa aliamriwa asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa kulala ubavu. Mkono utetemekao katika tahiyyatu haubatilishi kitu. Wewe ujuaye nyumba ya mzee huyo, mpitie Ijumaa hii mapema, maana hutembea polepole, na awekewe kiti katika safu.