Huu Uoga ni wa Nani?

Paka wangu anaitwa Chifu. Ni jina la utani tu, maana sijaona kiumbe mwoga kama yeye. Jirani akiangusha kifuniko cha sufuria, Chifu yuko chini ya kitanda. Mtu akibisha hodi, chini ya kitanda. Nilimwokota siku ya mvua akiwa anatosha kiganjani, na tangu hapo amekaa kwa keja yangu ya futi kumi kwa kumi hapa Kisumu Ndogo, Kibera. Mlango huwa naufunga hata mchana. Kwa mtaa ambao milango hushinda wazi na pazia ndiyo hutunza siri za nyumba, watu hunishangaa.

Siku hizi ameanza kukaa karibu na mlango. Anabandika pua kwa ufa wa chini, ananusa, hata saa nzima. Nikaanza kujiuliza: nimfungulie?

Ukitafuta ushauri kwa intaneti, wengi watakuambia paka akae ndani, asije akagongwa na gari, akaumwa na mbwa au akapata magonjwa. Ni ushauri mzuri, lakini aliyeutoa ana nyumba yenye madirisha mapana na chumba cha pili. Hapa, ndani na nje zimetenganishwa na bati moja. Chifu husikia redio ya jirani, watoto wakigombana, treni ikipita. Nje anaisikia kila siku, ila hajawahi kuiona. Na nadhani kuna uoga unaokua hivyo, kwa kusikia kitu kila siku bila kukiona.

Mzee mmoja Mnubi wa Makina alinikumbusha hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie wadudu wa ardhini. Nikajitetea haraka: mimi nanunua omena. Mzee akacheka. "Basi njaa huna kosa nayo. Na hilo lingine je?"

Hilo lingine lilinifuata hadi nyumbani. Paka hawa wetu wametokana na paka-mwitu waliosogelea ghala za nafaka maelfu ya miaka iliyopita, wakifuata panya. Walikuja wenyewe, na wangeweza kuondoka. Urafiki wetu nao ulianza mlango ukiwa wazi.

Sasa si nifungue tu? Ngoja. Kuna wale jamaa wa spika wanaopita mtaani wakitangaza dawa ya panya, mende na kunguni. Zipo sumu za panya zinazozuia damu kuganda. Panya akizila hafi papo hapo. Anatembea siku kadhaa akiwa mlegevu. Paka ambaye hajawahi kuwinda atamkamata panya yupi wa kwanza? Huyo huyo. Na sumu itahamia kwake.

Hapo maneno ya "mwache achague mwenyewe" yanakwama. Kuchagua kunataka kujua, na Chifu hajui sumu. Mimi najua. Siwezi kufungua mlango nikijua hivyo, halafu niseme nimemheshimu.

Lakini nikijiambia ukweli, sumu niliifikiria baadaye sana. Mlango niliufunga kwa sababu naogopa kurudi jioni nikute keja tupu. Huo uoga ni wangu, nikamsingizia paka.

Nikaenda kwa jirani wa mbele. "Mama, naomba hiyo dawa ya panya uiache kidogo. Tutumie mtego."

Akaniangalia. "Kijana wangu, panya wametoboa unga wangu. Wiki jana mmoja ameuma mtoto kidole akiwa amelala. Sasa ningoje paka wako anayeogopa sufuria?"

Nilikosa jibu. Kidole cha mtoto wake ni kizito kuliko matembezi ya paka wangu, na sidhani kuna hoja ya kuligeuza hilo. Mlango ni wangu, sawa, lakini korido ni yetu sote. Nilikuwa nataka Chifu apate uhuru, na bei yake ilipwe na usingizi wa mtoto wa mwenyewe.

Kwa hivyo nilinunua mitego miwili nikaipeleka kwake. Kila usiku naitega, kila asubuhi kabla ya kazi naitegua na kutupa kilichonaswa. Majirani wengine wa korido wamekubali kuniambia kabla ya kuweka dawa. Mama amenipa hadi mwisho wa mwezi. Panya wakizidi, dawa inarudi, mlango wangu unafungwa, na sitamlaumu.

Bado sijui kama nimefanya sawa. Ninachojua ni kwamba kumfungulia mtu mlango ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuhakikisha anakotokea hakutamuua, na hiyo huwezi kuifanya ukiwa umejifungia.

Jioni nafungua kwa nusu saa, nakaa kizingitini. Chifu hutoka hatua tatu, ananusa kile kifuniko cha sufuria kilichomtisha maisha yake yote, anarudi ndani. Jana alifika hatua tano. Nilizihesabu nikiwa natetemeka. Yeye alikuwa ametulia.