Miaka Miwili Bila Kuuona Uso wa Baba

Somo la Jumapili lilitoka 2 Samweli 14, na baada ya ibada ndugu mmoja aliuliza pale nje: mbona tutafute mafundisho ya ubaba kwa Daudi, mtu ambaye nyumba yake ilimshinda? Si kuna Ibrahimu? Si kuna Yusufu wa Nazareti? Ni swali zuri. Lakini ubaba wa mtu hauonekani sana siku mtoto ameleta ripoti nzuri kutoka shule. Unaonekana siku mtoto amefanya jambo la aibu, na bado jioni lazima arudi nyumbani alale. Siku kama hiyo ilimfikia Daudi, na alichofanya kinafanana mno na yale tunayofanya sisi.

Kumbuka habari yenyewe. Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa mfalme, alimnajisi Tamari, dada yake kwa baba. Daudi akasikia, akakasirika sana. Basi, ikaishia hapo. Hatusomi mahali popote kwamba alimwita Amnoni amhoji, wala kwamba alikwenda kukaa na binti yake. Tamari akabaki na uchungu wake nyumbani kwa Absalomu, kaka yake. Miaka miwili ikapita, Absalomu akamuua Amnoni wakati wa karamu ya kukata manyoya ya kondoo, akakimbilia Geshuri kwa mfalme Talmai, babu yake mzaa mama. Akakaa huko miaka 3. Ndipo Yoabu akamtuma mwanamke mwenye hekima kutoka Tekoa aende kuongea na mfalme.

Huyo mama alihubiri, jamani! Alimwambia Daudi kwamba Mungu hutafuta njia ili yule aliyefukuzwa asibaki amefukuzwa mbele zake. Hiyo ni Injili, miaka mingi kabla ya Kalvari. Daudi akasikia, akakubali, halafu akatii nusu. Aliruhusu kijana arudishwe Yerusalemu, lakini akaagiza aende nyumbani kwake na asije mbele ya mfalme. Wakaishi mji mmoja miaka 2 mizima bila kuonana uso kwa uso.

Angalia vizuri, maana hapa ndipo akina baba wengi tunajipa alama ambazo hatujazipata. Absalomu hakukosa kitu. Alikuwa na nyumba, alikuwa na shamba, alikuwa na watumishi. Mtu angemuuliza Daudi kama amemsamehe mwanawe, angejibu: si nimemrudisha? Si anakula? Ndivyo na sisi tunavyosema. Karo nimelipa, yunifomu nimenunua, nauli nimetuma kwa M-Pesa, sasa anataka nini tena?

Anataka uso wa baba yake.

Sisemi haya kumlemea baba aliye mbali kwa sababu ya kazi. Kuna ndugu kati yetu wanaolinda mageti Nairobi usiku kucha ilhali watoto wako Kakamega, na wengine wanaendesha malori kutoka Mombasa hadi Malaba, nyumbani wanafika mara moja kwa mwezi. Huyo akipiga simu jioni akauliza jina la rafiki mpya wa mtoto, mtoto ameuona uso wake. Daudi hakuwa mbali. Alikuwa hapo hapo mjini. Shida haikuwa kilomita.

Sasa tumtendee Daudi haki, kwa sababu alikuwa na sababu nzito. Absalomu hakuchelewa tu kurudi nyumbani saa mbili usiku. Aliua, tena alimuua ndugu yake. Baba akimkumbatia mara moja, je, si anadharau damu ya Amnoni? Si anawafundisha wale wengine kwamba dhambi ni kitu kidogo? Hili ni swali gumu na halijibiwi kwa kusema tu kwamba Mungu ni upendo. Mzazi ambaye binti yake amepata mimba akiwa kidato cha tatu, ama ambaye kijana wake ameuza ng'ombe wa familia akachezea kamari, anajua uzito wake. Akicheka na mtoto mapema, anaona ni kama amebariki kosa.

Lakini sikia Absalomu mwenyewe alisema nini. Alipochoka kungoja alimwita Yoabu mara mbili, Yoabu akakataa kuja, naye akawaambia watumishi wake wachome shamba la Yoabu. (Wazazi, kabla hujasema kijana wako ana pepo la uharibifu, uliza ni mara ngapi alikuita kwanza.) Yoabu alipokuja mbio, Absalomu akamwambia kwamba anataka kumwona mfalme, na kama ana hatia basi mfalme amuue. Hakuomba aachiliwe. Aliomba ahukumiwe. Mtoto anaona ni afadhali baba amtazame na kumhukumu kuliko kukaa miaka 2 bila kujua anahesabiwa nini.

Kwa hiyo naona kosa la Daudi halikuwa kwamba alikuwa mkali. Adhabu ya kweli ina maneno ndani yake, na ina mwisho. Mtoto anajua amekosa wapi, anajua itaisha lini, na anajua kesho yake ataitwa mezani. Kununa hakuna maneno wala mwisho. Ndiyo maana Daudi yule yule aliyemnyima Absalomu uso ndiye hakumgusa Amnoni, na kuhusu Adoniya tunasoma katika 1 Wafalme 1 kwamba baba yake hakuwahi hata kumuuliza kwa nini anafanya anayoyafanya. Baba ambaye hakemei kamwe na baba ambaye anakaa kimya miezi, wote wanakwepa kitu kimoja: kuketi na mtoto na kumwangalia machoni.

Mungu hakwepi. Adamu alipojificha, Mungu ndiye aliyeingia bustanini kumwita na kumuuliza yuko wapi. Petro alipomkana Bwana mara tatu, Luka anasema Yesu aligeuka akamtazama. Hakusema neno, lakini hakugeuza uso upande mwingine, na Petro akatoka nje akalia. Yale machozi yalikuwa mwanzo wa kurudi. Na yule baba wa Luka 15 alimwona mwanawe akingali mbali, akakimbia, akambusu kabla kijana hajamaliza maneno aliyoyapanga njiani. Je, alidharau dhambi? Hapana, alisema wazi kwamba huyu alikuwa amekufa na amepotea. Aliyasema hayo akiwa ameshamkumbatia.

Najua wengine wenu mkisikia Mungu anaitwa Baba, moyo unafunga. Baba uliyemjua ni kiboko, ama ni kiti kitupu, ama ni sauti ya kumwambia mama: mwambie huyo mtoto wako. (Maana akiwa namba moja ni mtoto wangu, akikosea ni mtoto wako, sivyo?) Paulo katika Waefeso 3 anapiga magoti mbele ya Baba ambaye kwake ubaba wote unapewa jina. Yaani Mungu si nakala ya baba yako iliyokuzwa. Ulipohisi ukiwa mdogo kwamba ulivyotendewa si sawa, ulikuwa tayari una kipimo cha baba anavyopaswa kuwa, na kipimo hicho hukukitoa kwa huyo mzee. Kinatoka kwa yule ambaye baba zetu walipewa jina lake, na wengine hawakulitumia vizuri.

Daudi mwishowe alimbusu Absalomu, lakini alichelewa. Sura ya 15 inaanza na Absalomu amesimama kando ya njia ya lango la mji asubuhi na mapema, na kila mtu aliyekaribia kumsujudia alimshika mkono na kumbusu. Alijua kabisa watu wana njaa ya nini, na akaitumia kuteka mioyo ya Israeli. Daudi alikuja kumlilia kwa uchungu, akimwita mwanangu, mwanangu, katika chumba kilichokuwa juu ya lango, wakati kijana hawezi tena kusikia.

Katika ushirika wa nyumbani wiki hii tutasoma 2 Samweli 13 na 14 zote mbili, si 14 peke yake. Akina baba, njooni mkiwa mmeongea na yule mtoto ambaye hamjasalimiana tangu lile jambo litokee, hata kama ni kwa simu. Akina mama na mabinti, njooni pia, kwa sababu kuhusu Tamari hakuna mtu aliyeuliza swali Jumapili, na yeye alikuwa bado yuko katika ile nyumba.