Kwa Nini Hawaimbi Tena Pamoja?

Masomo: 1 Samweli 16:14-23, 19:9-10, 26:17-25



Kuna swali ambalo tumeulizwa na watu wengi, zaidi wamama: kwa nini watu walioimba pamoja miaka mingi, wakiisha kuachana, hawataki tena hata kushika mikro moja? Wengine wanauliza kwa masikitiko. Wengine wanauliza kwa hasira, wakisema hao hawajaokoka, maana mtu aliyesamehe kweli angerudi kwenye kwaya. Tumeona ni vizuri tulijibu kwa Neno la Mungu, tena bila haraka.

Kwanza tuseme wazi kwamba ugonjwa huu haukuzaliwa Nakivale. Makao haya yanapokea wakimbizi tangu mwaka 1958, na kwaya zilizozaliwa hapa na kupasuka hapa hakuna anayeweza kuzihesabu. Lakini sisi tuliotoka Kongo habari hizi tulizisikia kwenye redio kabla hatujajua mpaka wa Uganda uko wapi. Mwaka 1963 wanamuziki wa African Jazz, akina Rochereau na Dokta Nico, walimwacha mkubwa wao Kabasele wakaanzisha African Fiesta. Walitoka pamoja kama ndugu. Haikufika miaka mitatu, hao wawili nao wakaachana, kila mmoja na kundi lake. Wenge Musica ya Kinshasa ilipasuka mwaka 1997, JB Mpiana huku, Werrason kule, na mashabiki wakagawanyika mpaka ndani ya nyumba moja. Walipanda tena jukwaa moja tarehe 30 Juni 2022 katika uwanja wa Stade des Martyrs. Ilipita miaka kama 25! Na baada ya hapo kila mmoja aliendelea na kundi lake.

Mtasema huo ni muziki wa dunia. Haya, tuwakumbuke Makoma, watoto wa tumbo moja pamoja na rafiki yao, Wakongo walioishi Uholanzi, ambao nyimbo zao za injili zilipigwa katika kila harusi ya Kikristo miaka ya 2000. Nathalie alitoka katika kundi mwaka 2004 akaimba peke yake, na mwaka 2008 alikuwa wa pili katika shindano la Idols kule Uholanzi. Sababu zao tunawaachia wao. Tunachotaka kusema ni kwamba kuwa ndugu wa damu na kumwimbia Mungu hakuzuii watu kuachana.

Sasa turudi kwetu. Ukiuliza kwaya imepasuka kwa nini, utaambiwa ni pesa. Ni kweli, na tusiwadharau wanaogombania pesa ndogo. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa, mwaka 2023 na tena mwaka 2025, kwaya ikialikwa harusini Mbarara, zile shilingi wanazotunzwa ni unga na sabuni ya wiki. Zikiingia kwenye simu ya mtu mmoja, na huyo mtu akasema “tutahesabu Jumamosi,” na Jumamosi ikapita, hapo moto umekwisha kuwaka. Baadaye linakuja jina: nani abaki na jina la kwaya ambalo watu wanalijua kutoka Juru mpaka Rubondo? Siku hizi kuna na YouTube. Namba ya siri anayo mmoja tu, na huyo mmoja amehama upande. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulifundishwa Kiyunani kidogo na historia ya Kanisa, lakini hakuna mwalimu aliyetufundisha namna ya kugawa spika mbili na kinanda kimoja kati ya makundi mawili yanayosema yote ni ya Bwana.

Lakini hayo ni mambo ya kuachana. Swali letu ni lingine. Pesa zikisha kurudishwa, wazee wakisha kukaa, watu wakisha kupeana mikono, mbona bado hawaimbi?

Tuangalie kuimba kwenyewe ni kitu gani. Mwenye sauti ya pili hana wimbo mkononi, ana kipande tu. Mwenye besi naye ana kipande chake, ambacho akikiimba peke yake nyumbani watoto wanamcheka. Kila mmoja anamtegemea mwenzake ili kipande chake kiwe wimbo. Wanaoimba pamoja wanapumua pamoja. Mmoja akisahau neno, wa pembeni anaongeza sauti kidogo, amfunike, na kanisa halijui kitu. Waimbaji wote wanalijua jambo hili ingawa hawalisemi. Basi mkisha kugombana vibaya, siku ukikosea mbele ya watu mia tatu, je, atakufunika? Au atanyamaza ili uaibike? Huna hakika. Na asiye na hakika sauti yake inakauka. Hapo si kiburi peke yake, watu wa Mungu. Ni hofu.

Biblia inatuonyesha mtu mmoja aliyeacha kupiga muziki kwa sababu hiyo. Daudi aliitwa kwa Sauli kama mpiga kinubi. Kila roho mbaya ilipomsumbua mfalme, Daudi alipiga, na Sauli akapata nafuu. Huo ulikuwa uhusiano wa karibu sana: mmoja anaumwa, mwingine anamtuliza kwa vidole vyake. Lakini Sauli akaingiwa na wivu. Daudi akiwa na kinubi mkononi, Sauli alirusha mkuki ili ampigilie ukutani. Daudi aliukwepa, usiku ule akakimbia. Akawa mkimbizi. Tangu hapo hatusomi mahali popote kwamba alirudi kumpigia Sauli kinubi.

Je, hakumsamehe? Soma sura ya 26. Daudi anamkuta Sauli amelala nyikani, mkuki wake umechomekwa ardhini karibu na kichwa chake. Anakataa kumwua. Anachukua mkuki na gudulia la maji, anakwenda ng’ambo, anaita kutoka mbali. Sauli anakiri kwamba amekosa, anamwita mwanangu, anamwomba arudi, anaahidi hatamdhuru tena. Daudi anajibu nini? Anasema kijana mmoja avuke aje auchukue mkuki wa mfalme. Sauli anambariki, kisha Daudi anashika njia yake na Sauli anarudi kwake.

Tunawaomba mkae hapo kidogo, maana wengi tunaisoma sura hii haraka. Daudi amesamehe: mkono wake ulikuwa na nafasi ya kuua, haukuua. Mali ya mwenzake amerudisha. Neno baya kwa mpakwa mafuta wa Bwana hakutoa. Lakini hakurudi kukaa katika chumba kile na kinubi. Wala Mungu hakumkemea kwa hilo.

Kwa hiyo ndugu wanaosema asiyerudi kwaya hajasamehe, wanasema jambo ambalo Maandiko hayasemi. Paulo na Barnaba pia walitengana kwa ukali, sababu ya Yohana Marko (Matendo 15:36-41). Hatusomi kwamba walisafiri tena pamoja. Hata hivyo Paulo akiwaandikia Wakorintho anamtaja Barnaba kwa heshima kama mtenda kazi mwenzake (1 Wakorintho 9:6), na huyo Marko aliyeleta ugomvi, mwishoni Paulo anaomba aletewe (2 Timotheo 4:11). Kupatana ni amri kwa kila Mkristo. Kurudi jukwaani ni kitu kingine; Mungu akikitoa tunashukuru, asipokitoa hatumlazimishi mtu.

Hapa tuna neno kwa wamama. Kuna mabinti katika makanisa yetu waliochumbiwa na vijana wa kwaya ileile, na uchumba ukavunjika. Binti anaacha kwaya, nasi tunaanza kusema amerudi nyuma kiroho. Ebu fikirini. Mjini mtu akiachwa anaweza kuhama mtaa. Hapa anakutana na yule kijana kwenye bomba la maji asubuhi, anakutana naye kwenye mstari wa mgao, na jioni mnamtaka asimame hatua mbili kutoka kwake aimbe nyimbo za harusi ambazo walikuwa wanazifanyia mazoezi kwa ajili yao wenyewe. Mwacheni akae kwenye benchi kama muumini mwingine. Mtembeleeni. Msimpangie siku ya kurudi.

Lakini tusifanye Daudi kuwa shuka la kujifunika kila mtu. Daudi alirushiwa mkuki. Kuna wengine hapa hawakurushiwa kitu. Walinyimwa kuongoza wimbo mmoja siku ya Krismasi, wakaondoka na waimbaji wanane. Kuna aliyeondoka kwa sababu kiongozi mpya ni wa kabila lingine. Kwa hao hatuna Daudi wa kuwapa, tuna Mathayo 5:23-24: acha sadaka yako pale madhabahuni, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako. Sauti yako ni sadaka. Na anayesema “mimi nimesamehe” huku kinanda cha kwaya kimefichwa chini ya kitanda chake, huyo hajafika hata kwenye mkuki uliorudishwa.

Kwa viongozi wa kwaya tunasema haya. Kabla hamjapanda gari kwenda Mbarara, andikeni kwenye daftari nani atapokea pesa na nani atashuhudia, na mhesabu siku ileile mbele ya wote. Vyombo viandikwe ni vya kanisa au ni vya nani, vikiwa bado vipya. Mkiachana, msikatazane nyimbo. Na sisi wachungaji tusiyapandishe makundi mawili pamoja siku ya sikukuu ili wageni waone umoja ambao nyumbani haupo.

Daudi aliposikia Sauli na Yonathani wamekufa, alitunga maombolezo, na hakubaki nayo mwenyewe. Aliagiza watu wa Yuda wafundishwe (2 Samweli 1:17-18). Muziki aliokuwa ameuacha kwa Sauli akiwa hai, ulimrudia siku ya msiba.

Mwaka jana tulimzika mama mmoja aliyekuwa nguzo ya kwaya iliyogawanyika. Makundi yote mawili yalikuja. Moja lilisimama upande huu wa kaburi, lingine upande ule. Kulikuwa na wimbo ambao huyo mama aliwafundisha wote walipofika Nakivale, wakati bado wanalala chini ya mahema. Kundi la kwanza likauanza, likakwama kwenye kiitikio, kwa sababu wenye besi walikuwa upande wa pili. Upande wa pili walikuwa na besi, hawana anayejua beti. Waliangaliana. Hakuna aliyevuka, na hakuna aliyeimba. Tuliomba, tukafukia.

Wiki mbili baadaye kiongozi wa kundi moja alimtuma kijana kwa kundi lingine akaombe kufundishwa ile besi. Alipokelewa, akapewa kiti, akafundishwa jioni nzima, naye akawaachia beti zote zimeandikwa kwenye karatasi. Sasa makundi yote mawili yanauimba wimbo ule kamili. Mazoezi bado ni mbalimbali, moja Jumatano na lingine Ijumaa.