Je, Mvi Ni Ruhusa ya Kufunga Kitabu?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Shukrani zote zamstahiki Yeye aliyempa mwanadamu macho ya kutazama, moyo wa kuzingatia na kalamu ya kuandikia. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, katika miji yetu hii ya Janga na Mlandizi, na kwa jirani zetu wa Kisarawe, iko dasturi njema tuipendayo sote. Mtoto akihitimu msahafu wazazi wake hufurahi, watu hualikwa, na mwalimu humwombea dua. Lakini baada ya karamu hiyo lafuata jambo tusilolitazama sana. Msahafu hufungwa katika kitambaa ukawekwa juu, wala kitabu kingine hakinunuliwi. Kijana huenda shambani, au dukani, au Dar es Salaam kutafuta riziki; na akifika miaka hamsini utamkuta hasomi ila tangazo la msiba, karatasi ya kodi na maneno mafupi ya simu. Ukimwuliza sababu hukujibu: “Sisi tumekwisha kuwa wazee; kusoma ni kazi ya watoto.”

Neno hili ndilo tutakalolipima katika kurasa hizi. Swali letu ni hili: mtu aliyejaaliwa kujua kusoma, kisha akauacha moyo wake upoe hata hastaajabii kitu wala hatamani kujua kitu, je, amepatwa na udhaifu wa umri tu, ambao hauna lawama, au ameiacha amana aliyopewa?

Kwanza yatupasa tueleze maana ya kustaajabu, kwani wengi hudhani kuwa ni jambo la kitoto. Kustaajabu ni kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya asiyejua: mtoto huona kinyonga akibadili rangi akapiga kelele. Ajabu hii huondoka kwa mazoea, wala si dhambi kuondoka kwake. Namna ya pili ni ya ajuaye: kila azidipo kujua huzidi kuona hekima iliyomo ndani ya kitu. Ajabu hii haiondoki kwa umri, bali hukua kwao, kama mbuyu.

Tuchukue mfano wa karibu. Mto Ruvu twauvuka tangu utoto wetu. Yuko mzee aliyeuvuka miaka sitini, akauona ukijaa wakati wa masika na ukipungua wakati wa kiangazi, asiulize hata siku moja maji haya yatoka wapi. Akisoma au akimwuliza ajuaye ataambiwa kwamba maji yateremka kutoka milima ya Uluguru, yakapita katika nchi yetu, yakaingia baharini karibu na Bagamoyo; na kwamba hapa Mlandizi huvutwa kwa mitambo yakapelekwa Dar es Salaam, yakawanywesha watu wasioujua mto wenyewe. Basi mtu huyu, siku atakapouvuka mto tena, je, ataupita kama alivyokuwa akiupita? La. Mto ni ule ule, ila yeye ameongezewa jicho. Hapo ndipo tujuapo kwamba mazoea si maarifa. Na mtu aweza kuzoea kitu umri wake wote, akafa hakijui.

Na Kurani Tukufu, katika sura ya Aal Imran, imewasifu wenye akili kwa kuzingatia umbo la mbingu na ardhi, na imewasifu wakiwa wamesimama, wakiwa wamekaa, na wakiwa wamelala. Sifa hiyo haikuwekewa mpaka wa umri. Lau kuzingatia kungekuwa ni kazi ya vijana, wangetajwa vijana.

Sasa tutazame neno lile la kwamba kusoma ni kazi ya watoto. Kila Mwislamu ajua kwamba amri ya kwanza iliyomshukia Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) katika pango la Hira ilikuwa ni amri ya kusoma. Lakini wachache huuzingatia umri wake siku ile. Alikuwa ni mtu wa miaka 40, mwenye mke na watoto, amekwisha kufanya biashara na kusafiri, naye hakupata kujifunza kusoma wala kuandika. Amri ya kusoma, basi, haikuanzia kwa mtoto wa chuoni. Ilianzia kwa mtu mzima. Na sahaba zake walio wengi waliingia katika dini hali ya kuwa ni watu wazima, wakaanza kujifunza upya. Imamu Bukhari, katika mlango wa elimu wa kitabu chake, amelitaja agizo la Sayyidna Umar la kuwataka watu wajifunze kabla hawajapewa ukubwa; kisha Bukhari mwenyewe akaongeza kuwa na baada ya kupewa ukubwa vilevile, kwani sahaba wa Mtume walijifunza katika uzee wao. Aliogopa wasije watu wakadhani kwamba ukubwa ni mwisho wa kusoma. Na hivyo ndivyo tulivyodhani!

Nasi tulio wafuasi wa Imamu Shafi'i tuna hoja iliyo karibu nasi zaidi. Imamu wetu alizaliwa mwaka 150 wa Hijra akafariki mwaka 204, yaani aliishi miaka 54. Alipokuwa Baghdad alikwisha kuwa imamu, ana wanafunzi na vitabu na rai zinazofuatwa. Kisha akahamia Misri, umri wake ukikaribia miaka 50, naye hakusema: “Nimemaliza.” Alizitazama rai zake upya, akazipima kwa hoja alizozipata, akaziacha baadhi na akaandika nyingine. Ndiyo maana hata leo mafakihi husema kauli ya kale na kauli mpya. Hebu fikiri, ewe ndugu! Madhehebu tunayoyafuata katika udhu wetu na sala zetu, sehemu kubwa yake ni matunda ya mtu wa umri wa hamsini ambaye hakukifunga kitabu. Itakuwaje sisi tumfuate katika kuinua mikono, tusimfuate katika jambo hili?

Wala huyu si peke yake. Abu Bakr al-Qaffal wa Marw, aliyefariki mwaka 417 wa Hijra, alikuwa fundi wa makufuli, na ndiyo maana ya jina lake. Hakuanza kutafuta fikihi ila alipofika miaka yapata 30. Kisha akawa kiongozi wa wanavyuoni wa Kishafi'i wa Khurasani. Na katika pwani yetu, Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu mwaka 1860 na kufariki Unguja mwaka 1925, alisafiri kwenda Hadharamauti hali ya kuwa amekwisha kuwa mwalimu, akakaa mbele ya mashekhe kama mwanafunzi, akayaandika aliyoyaona. Bagamoyo, ambako si mbali nasi, aliishi Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Aliletwa pwani utumwani kutoka pande za Kongo. Akashughulika na samaki na minazi, akatafuta elimu, akawa mwalimu na khalifa wa tarika ya Kadiria. Hakurithi kitabu kutoka kwa baba yake, bali alikitafuta mwenyewe. Na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alifariki mwaka 1947, hali ya kuwa tafsiri yake ya Kurani haijafika mwisho. Mwanachuoni kufa na kazi mkononi si hasara kwake. Hasara ni kuishi miaka ishirini baada ya kazi yake kwisha.

Basi ni kitu gani kiuuacho moyo wa mtu mzima? Wengine watasema ni macho, na wengine watasema ni shughuli. Hayo ni kweli, na tutayajibu. Lakini mimi naona sababu kubwa ni kiti. Mtu akiwa mzee hupewa kiti cha mbele, huulizwa, na watu hungoja neno lake. Naye huanza kuogopa kuonekana hajui. Hasomi kitabu kigeni asije akakutana na jambo lililo kinyume cha alilolisema, wala haulizi asije akaambiwa: “Hata wewe?” Hivyo hubaki akiyarudia yale aliyoyasikia alipokuwa kijana, na hotuba yake ya mwaka huu ni ile ya mwaka jana. Huyu hakuchoka, huyu ameufunga mlango kwa mkono wake, na ufunguo anao. Na lau Imamu Shafi'i angekiogopa kiti chake, kauli mpya isingalikuwapo.

Sasa tuwajibu wenye hoja. Mtu akisema: “Macho yangu hayaoni herufi,” twamwambia: umesema kweli, kwani tangu yapata miaka 40 lenzi iliyomo ndani ya jicho huanza kukakamaa, isiweze kujikunja kwa vitu vya karibu. Lakini udhuru huu Mungu ameujaalia dawa. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki yapata mwaka 1040, aliandika kitabu kikubwa juu ya nuru na kuona, nacho kikafasiriwa kwa Kilatini; na mwisho wa karne ya 13 watu wa Italia wakatengeneza miwani. Leo miwani ya kusomea yauzwa hata sokoni. Na asiyeweza hata kwa miwani, asomewe. Kwani kusikiliza ni mlango mkongwe wa elimu, na hadithi za Mtume zilipokewa kwa masikio kabla ya kupokewa kwa macho.

Akisema mwingine: “Uzee ni wakati wa kumtaja Mungu na kujiandaa na kaburi, si wakati wa vitabu,” basi hoja hii ni nzito, nasi twaiheshimu. Ni kweli kwamba kila mwenye umri yampasa azidishe ibada, na anayesoma hata sala ikampita amekosea. Lakini ni nani aliyesema kwamba elimu ni adui wa dhikri? Mtume katika sura ya Taha aliamrishwa amwombe Mola wake amzidishie elimu, naye ndiye aliyekuwa mbele katika kumtaja Mungu. Na Yakuti al-Hamawi amesimulia kwamba al-Biruni, yule mwanachuoni mkubwa wa nyota na hesabu, alipokuwa katika kukata roho aliingiliwa na fakihi mmoja kumtazama. Akamwuliza juu ya mas'ala ya mirathi ya bibi. Fakihi akamhurumia, akasema: je, katika hali hii? Akamjibu kwamba kuiaga dunia hali anaijua mas'ala ile ni bora kuliko kuiaga hali haijui. Akaelezwa, akaikariri, na mgeni hakufika mbali ila alisikia kilio cha msiba. Mtu huyu hakuikimbia mauti kwa kitabu, bali alikwenda nayo akiwa macho.

Akisema wa tatu: “Mimi sikusomeshwa nilipokuwa mdogo,” huyu hatumlaumu, na wengi wa mama zetu wamo katika hali hii. Lakini asikate tamaa. Mwaka 1967 watu wazima wa Tanzania wasiojua kusoma walikuwa yapata 67 katika kila 100. Na kwa hesabu za serikali, mwaka 1986 walibaki yapata 10. Waliosoma katika miaka ile walikuwa wakulima na wavuvi na akina mama wenye wajukuu, waliokwenda darasani baada ya kazi za shamba. Na kwa jirani zetu wa Kenya, mzee Kimani Maruge, ambaye si wa dini yetu, aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akakaa na watoto wadogo, na katika haja zake mojawapo ilikuwa kukisoma kitabu cha dini yake kwa macho yake mwenyewe. Jambo jema lastahili kusifiwa popote lionekanapo. Na sisi ambao kitabu chetu kimo nyumbani juu ya kabati, na kusoma twajua, tuone haya.

Basi jawabu la swali letu ni hili: kupungukiwa na nguvu si lawama, na kusahau si lawama, na kusoma kidogo si lawama. Lawama ni kujitosheleza. Macho na akili ni amana, na amana haina siku ya kustaafu. Tena madhara yake hayakomei kwa mzee mwenyewe. Mtoto hujifunza kwa aonayo zaidi kuliko aambiwayo. Tukimpiga mtoto kwa kutosoma, naye hajapata kumwona baba yake na kitabu mkononi, atajua kwa yakini kwamba kusoma ni adhabu ya utoto, na atahesabu siku za kuokoka nayo. Lakini akimwona babu yake amevaa miwani, anafuata mstari kwa kidole, kisha anatua na kusema, “Subhanallah, hili sikulijua!”, basi mtoto yule amepata somo ambalo sisi walimu hatuwezi kumpa kwa miaka saba.

Nasi hatuwatakii watu jambo zito. Ukurasa mmoja baada ya sala ya alfajiri watosha. Ukiwa huna kitabu, azima. Ukiwa nacho, azimisha. Soma nacho kile ambacho si kazi yako: mkulima asome habari za nyota, na mwalimu asome habari za udongo. Mwite mjukuu akusomee yale ayasomayo shuleni, na ukiwa hujui, mwulize bila haya. Na neno “sijui” lisiuogopeshe ulimi wako, kwani maimamu wakubwa walilisema mbele ya watu, wala vyeo vyao havikupungua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu asizipofushe nyoyo zetu kabla ya macho yetu, atuzidishie elimu yenye manufaa kila atuzidishiapo umri, na atujaalie mauti yatukute tukiwa katika kutafuta. Amin. Na Mungu ndiye Mjuzi zaidi.