Lesi ya Mkono, Lesi ya Mashine

Naanza kwa kukiri kosa. Mwaka jana tulipokuwa tukimtayarishia harusi mtoto wa dada yangu hapa Uingereza, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta lesi ya gauni na ya shela. Nikaingia duka moja mashariki mwa London, muuzaji akanitandazia lesi nyeupe, nzuri mno, akaniambia, "Hii imefanywa kwa mkono, mama." Nikatoa pauni 340 kwa mita 3. Bei yenyewe ingetosha kunizindua, lakini mtu anayetaka kuamini haulizi mengi. Nilipofika nyumbani nikampigia simu dada, nikawapigia na wakwe: lesi ya mkono!

Nina jirani, bibi wa Kiingereza aliyestaafu, ambaye hufuma lesi kwa mto na vijiti. Hutandika karatasi iliyotobolewa juu ya mto, akachomeka pini, akawa anavizungusha vijiti vyenye nyuzi, viwili viwili, jozi kadhaa kwa pamoja. Nilimpelekea lesi yangu kwa majivuno. Akachukua kioo cha kukuzia, akatazama, kisha akanipa kioo nitazame mwenyewe. Hakusema neno.

Nitawaeleza nilichokiona, maana huenda mwenzangu mmoja kesho akasimama dukani kama mimi. Pale ua linapoonekana zito kama kitambaa, nyuzi za lesi ya mto hupita juu na chini, juu na chini, kama ukili wa mkeka. Yangu ilikuwa na mistari kama mbavu, kwa sababu mashine ilikuwa imezizungusha nyuzi tu, haikuzifuma. Vile vijitanzi vya ukingoni, kwenye lesi ya mkono hutoka katika uzi ule ule wa kazi. Vyangu vilikuwa utepe mwengine ulioungwa baadaye. Uzi mnene unaozunguka maua ulikuwa umekatwa kwa mkasi kila ulipotoka ua hili kwenda jengine, na ncha zake zimeachwa kama vinyweleo. Kuna watu watakaokwambia uuchome uzi kwa kiberiti. Usihangaike. Moto utakwambia kama uzi ni pamba au nailoni, hautakwambia nani aliyeufuma, na mashine inafuma pamba pia.

Lakini kilichonikaa moyoni ni kijikosa kimoja, tundu lililopotoka kidogo kwenye jani. Nikatazama jani la pili: tundu lile lile, mahali pale pale. La tatu, vivyo hivyo. Bibi akaniambia kwamba mkono nao hukosea, tena sana, lakini haukosei mara kumi kwa namna moja.

Basi swali likaja. Kama macho hayaoni tofauti ila kwa kioo, nimepoteza nini? Harusini hakuna mgeni atakayekuja na kioo. Gauni litapendeza vile vile. Mwanangu mmoja alinijibu hivyo hivyo, na jibu lake si la kijinga.

Sisi watu wa mwambao swali hili tunalijua kwa kofia. Kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono huchukua wiki, pengine miezi, na bei yake ni mara nyingi ya ile ya mashine inayoletwa kwa makontena. Kwa mbali kichwani zinafanana. Hata hivyo babu akikurithisha ya mkono kisha ukagundua ni ya mashine, utahisi kuwa umenyang'anywa kitu, ingawa kofia ni ile ile. Nadhani ulichonyang'anywa ni habari. Uliambiwa kwamba mtu fulani, usiyemjua, alikaa na kazi hii siku baada ya siku, na mtu huyo hakuwapo. Lesi nyembamba ya mto huweza kula siku nzima kwa inchi chache tu. Ukinunua ya mkono unanunua siku za mtu.

Hapo isidhaniwe kwamba naisifu mikono ya kale. Huku Uingereza watoto wa miaka mitano au sita walikuwa wakipelekwa kwenye shule za lesi, wakikaa wameinama, usiku mwanga wa mshumaa ukipitishwa kwenye chupa ya maji ili uangaze mto. Malipo yalikuwa madogo na macho yakaharibika. John Heathcoat alipopata hataza ya mashine yake ya kufuma wavu mwaka 1809, si kila kilichokufa kilistahili kuliliwa. Wapo waliolia kweli: mwaka 1816 mashine zake zilivunjwavunjwa kule Loughborough, naye akahamia Tiverton, Devon, mkoa ule ule uliosifika kwa lesi ya mkono ya Honiton. Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840 alichagua lesi ya Honiton, na wanawake wa huko wakapata kazi.

Tena mpaka wenyewe hauko wazi kama muuzaji anavyodai. Lesi nyingi ya Honiton ya karne ya 19 ilikuwa maua ya mkono yaliyoshonewa juu ya wavu wa mashine. Na gauni la Kate Middleton la mwaka 2011 lilifanywa kinyume chake: maua yalikatwa kutoka lesi ya mashine ya Uingereza na Ufaransa, kisha mafundi wa Royal School of Needlework wakayashona kwa mkono juu ya wavu wa hariri, wakinawa mikono kila baada ya nusu saa na kubadilisha sindano kila saa 3. Utasema gauni lile ni la mkono au la mashine? Mimi ningesema ni la wote wawili, na halina aibu.

Kwa hiyo mashine haikunikosea kitu. Aliyenikosea ni muuzaji, na mimi nikawakosea wengine, kwa kuwa neno lake nililirudia kwa sababu lilinipandisha cheo mbele ya wakwe. Angesema "ni ya mashine" ningeinunua vile vile, labda kwa pauni 90, nikafurahi.

Wiki moja kabla ya harusi nilimwambia biharusi. Alicheka, akauliza, "Khalati, kwani kuishona kwenye gauni nani alishona?" Tulikuwa wanawake wanne, usiku tatu, na vidole vyetu vilijaa matobo. Dukani walinirudishia pauni 100, kwa mabishano. Lakini mama mkwe wake mpaka leo akija mgeni humtolea picha na kumwambia kwamba lesi ile ilifanywa kwa mkono, na mimi nikiwapo hutazama chini, nikanywa chai yangu.