Kelele Niliyoifuta Bila Kujua

Leadville ni mji wa machimbo huko Colorado, Marekani, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Waliochimba fedha, risasi na zinki waliacha vifusi vyenye madini ya paraiti. Paraiti ikikutana na hewa na maji hutoa tindikali, nayo tindikali huyeyusha metali zenye sumu na kuziteremsha hadi mto Arkansas. Mwaka 1995 kamera ya NASA iitwayo AVIRIS ilipita juu ya eneo hilo ndani ya ndege. Kamera hiyo ilichambua mwanga wa kila pikseli katika bendi 224, na wanajiolojia wakaona jambo ambalo jicho halioni: penye tindikali kali madini ya jarosaiti hukaa katikati, madini ya goethaiti yakiyazunguka.

Nami nilipokuwa mwanafunzi nilipewa picha za ndege za machimbo ya namna hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza ziwe kama zimepigwa na setilaiti yenye pikseli za mita 30, ili ijulikane mapema setilaiti ingeona nini. Nikachukua pikseli ndogo zinazoingia kwenye kila mraba wa mita 30, nikapiga wastani, basi. Ramani ikatoka safi kuliko ya ndege yenyewe. Nikaandika kwenye ripoti: setilaiti inatosha.

Mwalimu wangu akaitazama kwa muda. “Mwanangu, kitu kilicho kilomita 705 angani kimepataje kuona vizuri kuliko ndege?”

Sikuwa na jibu. Kila kipimo cha mwanga kina kelele, yaani kuyumbayumba kusiko na mpangilio. Ukipiga wastani wa pikseli nyingi, kelele hizo hufutana. Nilidhani naiga setilaiti, kumbe naisafisha picha. Setilaiti halisi haina neema hiyo. Hyperion, kamera ya setilaiti iliyorushwa mwaka 2000, ilikuwa na kelele nyingi hasa kwenye mwanga wa infraredi ya mawimbi mafupi, na huko ndiko jarosaiti inakoacha alama yake, kibonde kwenye mstari wa mwanga karibu na nanomita 2,270.

Nikaanza upya. Nikatia ukungu wa lenzi, maana kila pikseli huiba mwanga kidogo kwa jirani. Nikapanga bendi kwa upana wa zile za setilaiti. Mwisho nikarudisha kelele, bendi moja baada ya nyingine, kwa kiwango cha chombo chenyewe. Kwenye skrini, kile kibonde cha nanomita 2,270, kilichokuwa laini kama alama ya kidole kwenye unga, kikapotelea kati ya meno ya msumeno.

Katika ramani ya kwanza kifusi kimoja kando ya kijito kilikuwa chekundu, rangi niliyoipa jarosaiti. Katika ya pili kilisomeka kama udongo wa kawaida, na mkaguzi aliyeishika ramani hiyo angekipita bila kusimama. Kijito kilikuwa palepale, kikiteremka.